Ni Zahanati ya Nani?

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii)

Ndugu msikilizaji, kamwene! Hiyo ndiyo salamu ya wenyeji wa Njombe, na nimeanza nayo kwa sababu mazungumzo yangu ya wiki hii yanatoka huko, kwenye baridi, chai, viazi na miti ya mbao. Hasa yanatoka Makambako, pale ambapo barabara kuu iendayo Zambia inakutana na barabara ya Songea, na reli ya TAZARA ina kituo chake. Mji huo haulali. Malori yanapita usiku kucha, na pembezoni mwa barabara zipo nyumba za wageni, migahawa, maduka ya dawa na zahanati.

Binti yangu ameolewa huko. Msimu wa baridi uliopita nilikwenda kumtembelea, na usiku wa pili mjukuu wangu, mtoto wa miaka miwili, akashikwa na homa kali na kikohozi. Ilipofika saa tano usiku mtoto alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Tukaamka wote, na hapo ndipo ulipoanza ubishi ambao ndio chanzo cha mazungumzo haya.

Mkwe wangu, ambaye ni mfanyabiashara wa mbao, alisema: "Baba, twende pale barabarani kwenye zahanati ya mtu binafsi. Pako wazi usiku kucha na hakuna foleni." Binti yangu akapinga: "Mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye kituo cha serikali. Hela ya nini?" Jirani yao, mama mtu mzima aliyekuja baada ya kusikia mtoto akilia, akatikisa kichwa na kusema: "Wanangu, mimi ningewaambia mmpeleke kwa masista. Huko ndiko wanakotibu."

Ndugu msikilizaji, utaona kwamba katika ubishi ule wote hakuna aliyeuliza nani atampima mtoto, na atampima vipi. Swali lilikuwa moja tu: zahanati ni ya nani? Ya serikali, ya dini, au ya mtu binafsi? Tumezoea kuchagua tiba kwa kutazama jina la mwenye nyumba. Leo nataka tujiulize kama mazoea hayo ni sahihi.

Usiku ule mkwe wangu alishinda. Tulikwenda pale barabarani. Mapokezi yalikuwa mazuri, lazima niseme kweli. Nesi alitusalimia, akatupa viti, na taa zilikuwa zinawaka. Tabibu alimtazama mtoto kwa muda usiozidi dakika mbili, hakumvua shati, akaandika vipimo. Baada ya nusu saa majibu yakaja: malaria na taifodi. Mtoto akachomwa sindano, tukapewa mfuko wa dawa za aina nne, na tukalipa shilingi 38,000. Mkwe wangu alifurahi. Alisema: "Umeona, baba? Hapa wanafanya kazi."

Mimi si daktari. Nimefanya kazi ya uhasibu maisha yangu yote, na mhasibu hana elimu ya kupima homa. Lakini mhasibu anajua namba isiyokaa vizuri akiiona. Malaria katika nyanda za juu za Njombe ni ugonjwa wa nadra. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2017, watoto wadogo waliokutwa na vimelea vya malaria katika mkoa huo hawakufika hata asilimia moja. Bila shaka mtu anaweza kuupata, hasa akiwa ametoka safari ya mabondeni. Lakini mjukuu wangu hakuwa ametoka nje ya Makambako tangu azaliwe. Na kile kipimo cha damu cha taifodi kinachotumika sana katika vituo vidogo, wataalamu wamekwisha kukisema mara nyingi kwamba peke yake hakitoshi kumtia mtu ugonjwa huo.

Asubuhi mtoto alikuwa na hali mbaya zaidi. Ndipo ushauri wa yule mama ukafuatwa. Tulikodi gari tukaenda kwenye kituo cha kanisa. Tulikaa kwenye benchi zaidi ya saa mbili, na nesi wa mapokezi hakuwa na maneno mengi. Lakini tulipoingia, tabibu alimwuliza binti yangu maswali mpaka nikahesabu kumi na kitu: alianza lini, ananyonya, anakunywa, anatapika, amepata chanjo zipi. Kisha akamvua mtoto shati, akashika saa yake, akatazama kifua cha mtoto kwa dakika nzima bila kusema neno. Alikuwa anahesabu pumzi. Akasema: "Mzee, mtoto wa umri huu akifika pumzi arobaini kwa dakika tunaanza kuwa na wasiwasi. Huyu ana hamsini na nane. Hii ni nimonia." Tukapewa amoksilini, tukaelekezwa dalili za kuturudisha haraka, tukalipa shilingi 11,500. Siku ya tatu mtoto alikuwa anamfukuza kuku uani.

Sasa, ndugu msikilizaji, ningeweza kuishia hapa na kukuaga. Ungebaki na somo jepesi: watu binafsi ni wezi, misheni ni watakatifu, na serikali tusiizungumzie. Lakini ningekuwa nimekudanganya, kwa sababu nimeona na mengine.

Katika kata moja ya mkoa huo huo nimeikuta zahanati ya kanisa ambayo wafanyakazi wake walikuwa hawajapata mshahara kwa miezi minne. Tabibu alikwisha kuondoka. Aliyebaki ni mhudumu mmoja na rafu tupu. Umbali wa saa moja kwa miguu ipo zahanati ya serikali, jengo lenye bati la kutu, na mganga mfawidhi wake ni muuguzi mkunga ambaye kina mama wa vijiji vitatu wanamtaja kwa jina kama wanavyowataja mama zao. Na katika mji wa Njombe namfahamu tabibu mwenye kituo chake binafsi aliyempima ndugu yangu mmoja, akamwambia: "Huna ugonjwa wa dawa. Nenda kapumzike, kunywa maji." Akachukua ada ya kumwona, basi. Angeweza kumwuzia dawa za shilingi elfu ishirini na ndugu yangu angeshukuru.

Kwa hiyo jina la mwenye nyumba halitoshi. Lakini pia sisemi kwamba halina maana. Lina maana kubwa, na ili tuielewe yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi yetu iliamua kwamba afya isiwe biashara. Zahanati zikajengwa vijijini na tiba ikawa bure. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyozuia tiba ya kutafuta faida. Mashirika ya dini yaliachwa yaendelee, kwa sababu hayakuhesabiwa kuwa ya kutafuta faida, na kwa sababu sehemu nyingi za nchi zisingekuwa na hospitali bila wao. Kusini mwa nyanda za juu jambo hili linaonekana wazi. Mtu wa Wanging'ombe akisema hospitali, anaweza kuwa na maana ya Ilembula, ya Walutheri. Mtu wa Makete anaweza kuwa na maana ya Ikonda, ya Wamisionari wa Consolata, ambako wagonjwa hufika kutoka mikoa ya mbali kwa kupanda milima ile yote.

Kisha mambo yakabadilika. Uchumi ulidorora, dawa zikaadimika. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa na daktari akaruhusiwa tena kufungua kituo chake. Mwaka 1992 serikali na makanisa wakatia sahihi makubaliano ya ushirikiano katika huduma za jamii. Mwaka 1993 uchangiaji gharama ukaanza katika hospitali za serikali. Bima ya Afya ya Taifa ikaanza kazi mwaka 2001, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Mwaka 2007 ukaja mpango mkubwa wa kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Ndiyo maana leo Makambako unaweza kusimama mahali pamoja ukaonyesha kwa kidole tiba za wenyewe watatu tofauti.

Je, wenyewe hao wanatofautiana wapi hasa? Watu wengi hudhani tofauti iko kwenye elimu: kwamba daktari wa misheni amesoma zaidi. Mtafiti Kenneth Leonard na mwenzake Melkiory Masatu wa Arusha waliwafuatilia matabibu wa mkoa huo miaka ya 2000. Waliwapima kwanza wanachokijua, kisha wakatazama wanachokifanya mgonjwa akiwa mbele yao. Walikuta kwamba matabibu wengi hufanya pungufu ya wanachokijua. Walikuta pia kwamba pengo hilo lilikuwa dogo zaidi katika baadhi ya mashirika yasiyo ya serikali, hasa pale mkuu wa kituo alipokuwa na uwezo wa kuajiri, kusimamia na kuachisha. Na wakakuta jambo jingine la kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja: mtazamaji akiingia chumbani, tabibu huongeza bidii, mtazamaji akizoeleka, bidii hushuka pale pale ilipokuwa.

Ndugu msikilizaji, hapo pana siri kubwa. Yule tabibu aliyemhesabu mjukuu wangu pumzi na yule ambaye hakumvua shati, huenda walisoma chuo kimoja. Wote wawili wanajua kwamba pumzi huhesabiwa. Tofauti ni kwamba mmoja yuko mahali ambapo kutohesabu kuna mtu atakayemwuliza.

Na wananchi wanalijua hilo bila kusoma utafiti. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti mwingine, uliofanyika Iringa Vijijini, wakati ambapo Njombe nayo ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Iringa. Ulionyesha kwamba wagonjwa huruka kituo kilicho karibu na kutembea kwenda mbali zaidi, na kwamba hawaruki ovyo. Huenda kule ambako mgonjwa hupimwa vizuri zaidi na dawa huandikwa kwa uangalifu. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule mama jirani hakuwa na shahada ya tiba, lakini alikuwa na miaka arobaini ya kuwabeba watoto mgongoni na kuona nani anapona.

Hata hivyo tusidhani kwamba ukaguzi peke yake ni dawa ya kila kitu. Serikali ilipovipa vituo vya afya ya msingi nyota mwaka 2015 na 2016, kiasi cha theluthi moja ya vituo vilivyokaguliwa nchini havikupata hata nyota moja. Miaka miwili baadaye vilivyokosa nyota vilipungua hadi kiasi cha asilimia 4, na vilivyofikia nyota tatu na zaidi vikawa karibu asilimia 20. Hayo ni maendeleo na yanastahili pongezi. Lakini mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliohusisha vituo zaidi ya 200 vya watu binafsi na vya dini hapa Tanzania, ambavyo baadhi yake viliingizwa katika mpango wa kupandisha viwango hatua kwa hatua. Watafiti walituma watu waliojifanya wagonjwa. Walikuta kwamba mpango ule haukuleta tofauti ya kuonekana katika namna wagonjwa wanavyotibiwa. Ubao mzuri ukutani, ndugu zangu, haujahesabu pumzi za mtoto.

Sasa niruhusu niingie kwenye eneo langu, yaani fedha. Husikii siku hizi watu wakisema kituo fulani kinajiendesha na kingine kinapata hasara? Mimi huwauliza: mmesoma vitabu vya hesabu vya aina gani?

Chukua zahanati ya serikali. Mshahara wa mganga mfawidhi hauko kwenye daftari la zahanati. Unalipwa na Hazina. Jengo limejengwa na kijiji na halmashauri. Sehemu kubwa ya dawa inatoka Bohari ya Dawa. Ukitazama daftari lake utaona makusanyo madogo ya uchangiaji na matumizi madogo ya sabuni na mafuta, na utasema: hawa wana salio. Kumbe gharama yenyewe imebebwa na mtu mwingine.

Chukua kituo cha kanisa. Baadhi ya wafanyakazi wanalipwa na serikali kwa makubaliano, wengine wanalipwa kwa ada za wagonjwa. Mashine ilitoka kwa wafadhili wa Ulaya, na kwa kuwa haikununuliwa, uchakavu wake hauandikwi popote. Siku ikifa, hakuna akiba ya kununua nyingine. Katika miaka ya 2005 na 2006 serikali ilipoajiri kwa wingi na kupandisha mishahara, vituo vingi vya dini vilipoteza wauguzi na matabibu wao waliofuata malipo bora, jambo ambalo si kosa. Kituo ambacho jana kilionekana imara, kesho yake hakina wa kufungua dirisha.

Chukua sasa yule mtu binafsi wa barabarani. Kila kitu kiko kwenye daftari lake: pango, umeme, mshahara, kodi, leseni, riba ya mkopo wa benki. Hana Hazina, hana mfadhili wa Ulaya. Saa sita mchana kama hajaona wagonjwa kumi, anajua mwezi huu mambo ni magumu. Ada ya kumwona daktari ni ndogo, kwa sababu wateja wakiiona kubwa watakimbia. Basi faida yake iko wapi? Iko maabara na iko kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa anayeambiwa "huna ugonjwa" ni hasara. Mgonjwa mwenye malaria na taifodi kwa pamoja ni pango la nyumba.

Simtetei aliyemchoma mjukuu wangu sindano isiyo yake. Nasema tu kwamba mtu akilipwa kwa kuuza dawa, atauza dawa. Akilipwa mshahara ule ule awe amempima mgonjwa au hakumpima, kuna siku hatampima. Na akilipwa kwa michango ya watu wa mbali, siku wale watu wakichoka, yeye atafunga mlango. Kila mwenye nyumba ana jaribu lake, na jaribu hilo linatokana na njia inayoleta fedha.

Kwa hiyo kushindanisha vitabu vya watatu hawa na kutangaza nani anaendesha vizuri ni sawa na kumpa kombe la mbio mtu aliyebebwa mgongoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini na daftari lisilo na gharama zote hupoteza habari vile vile.

Uko mfano mmoja unaonipa matumaini. Mkoa wa Njombe, mnajua, umeumizwa sana na UKIMWI. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kilikuwa asilimia 12.7, wakati kiwango cha nchi kilikuwa asilimia 4.4. Katika kliniki za tiba na matunzo, awe mgonjwa amekwenda kwa serikali au kwa kanisa, dawa ni zile zile, mwongozo ni ule ule, rejista ni ile ile, na hatozwi bei ya dawa. Niliyoyaona mimi ni kwamba pale watu hawabishani sana juu ya kituo ni cha nani. Wanauliza foleni ikoje na kama nesi anatunza siri. Kanuni, dawa na malipo vikiwa sawa, jina la mwenye nyumba hupungua nguvu. Lakini mfano huo una onyo ndani yake pia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi wetu tulikumbuka ghafla kwamba fedha nyingi za kazi hiyo zilikuwa zinatoka mfuko mmoja, tena wa jirani wa mbali.

Ndiyo maana natazama kwa makini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Bima, kwa lugha rahisi, maana yake ni fedha kumfuata mgonjwa popote aendapo. Ikifanya kazi vizuri, mama wa Makambako ataweza kuchagua kituo kwa ubora wake, na kituo kitakachompima vizuri ndicho kitakachopata malipo. Lakini ikilipa kwa kuchelewa, tutarajie nini? Yule binafsi mdogo atafunga kwanza, kwa sababu hana wa kumkopesha. Kituo cha kanisa kitafuata, kwa kupunguza watumishi. Cha serikali kitabaki wazi bila dawa. Tulionja kidogo mwezi Machi mwaka 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha kuwahudumia wanachama wa Bima ya Taifa kwa sababu ya ubishi juu ya bei mpya. Aliyeumia katika ubishi ule hakuwa mwenye hospitali wala mwenye mfuko. Alikuwa mtu mwenye kadi mkononi na mgonjwa mgongoni.

Sasa basi, tufanye nini? Wenye mamlaka nawaomba mambo mawili. La kwanza, mkaguzi akienda kituoni asiishie kuhesabu vitanda na kusoma leseni. Afungue rejista ya maabara. Zahanati ya nyanda za juu inayopata malaria kwa nusu ya wagonjwa wake ni ya kuulizwa maswali siku hiyo hiyo. La pili, tulipotamka kwamba mtoto mdogo na mama mjamzito watibiwe bure, tulitamka neno jema. Lakini kituo cha kanisa kilicho peke yake katika kata, kikimtibu mtoto huyo bure, nani anakirudishia gharama? Pale penye makubaliano, malipo yafike kwa wakati. Ahadi ya serikali isilipwe kwa mshahara wa nesi wa misheni.

Wenye vituo binafsi nawaambia hivi: mteja mnayemtafuta ni yule atakayerudi mwaka ujao. Yule tabibu wa Njombe aliyesema "kapumzike" amepata ukoo wangu mzima.

Na wewe msikilizaji, hujaachwa nje. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinapelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati yenyewe, na kijiji kina kamati inayotakiwa kuzisimamia. Mimi nimekaa katika kamati ya namna hiyo kijijini kwangu. Mkutano wa kwanza tulifika watu watatu, na mmoja alikuja kwa sababu alisikia kuna posho. Hakuna aliyeomba kuona taarifa ya benki. Nilipoiomba, mganga mfawidhi alifurahi. Alisema alikuwa anangoja kwa mwaka mzima mtu wa kumwuliza. Tulikuta fedha zipo, na dawa hazipo kwa sababu tu oda ilikosewa ikarudishwa na hakuna aliyefuatilia. Ilichukua wiki tatu kurekebisha. Wiki tatu, ndugu zangu, baada ya miezi sita ya kulalamika kwamba serikali haina dawa. Kwa maana hiyo zahanati ile, ambayo tuliiita ya serikali, ilikuwa yetu siku zote na hatukuwa na habari.

Na siku ukiwa na mtoto anayehema haraka, usiangalie rangi ya jengo wala picha ya mtakatifu mlangoni. Angalia mikono ya tabibu. Mwambie kwa heshima: "Daktari, naomba umhesabu pumzi." Akishika saa, uko mahali pazuri, awe ni wa serikali, wa dini au wake mwenyewe. Akikasirika, mchukue mtoto wako uondoke, hata kama umekwisha kulipa.

Mkwe wangu alinipigia simu juzi. Mtoto alikohoa tena. Nilimwuliza wamempeleka kwa nani. Akacheka, akasema: "Baba, safari hii tulikwenda kituo cha serikali, usiku. Nesi wa zamu alikuwa peke yake. Lakini alimvua shati."